Sauti Zilizosemwa Ukumbini Ziko Wapi?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wakazi, walimu na wanafunzi mjini Ruiru)



Nimeombwa niseme juu ya mihadhara, michezo ya kuigiza na mikutano ya hadhara inayofanyika katika vyuo vikuu vyetu, na juu ya wajibu wa kuinasa na kuihifadhi. Huenda baadhi yenu mkaona kwamba jambo hili ni la maktaba, wala si la mapambano. Nitawaomba mnivumilie kidogo, maana naona ni la mapambano kuliko tunavyodhani, na kabla sijamlaumu mtu mwingine yeyote nitaanza kwa kujishtaki mwenyewe.

Mwaka 1991 nilikuwa mwanafunzi katika chuo ambacho sitakitaja. Jioni moja alikuja mgeni kutuhutubia juu ya Katiba na kifungu chake cha 2A, kile kilichoifanya nchi hii iwe ya chama kimoja kwa mujibu wa sheria. Ukumbi ulijaa hata watu wakakaa madirishani. Rafiki yangu alikuwa na kinasa sauti kidogo cha betri, akakificha ndani ya mfuko wa kiondo, chini ya sukuma wiki, akanasa mhadhara mzima katika kaseti ya dakika 90. Alipoona kwamba chumba chake kinaweza kupekuliwa, alinikabidhi mimi ile kaseti. Niliificha nyumbani. Desemba mwaka huo huo kifungu cha 2A kilifutwa, hofu ikapungua, na mimi nikaanza kuiona ile kaseti kuwa kaseti tu. Mwaka uliofuata dada yangu aliolewa, kaseti mpya dukani ilikuwa na bei, nami nikainasa harusi juu ya mhadhara.

Harusi iliisha kabla ya kaseti. Kwa hiyo mwishoni mwa upande wa pili, baada ya vigelegele na sauti ya mjomba anayetafuta viatu vyake, zimebaki dakika nne za mwaka 1991. Mwanafunzi wa kike, ambaye mpaka leo simfahamu, anauliza: "Na sisi tutakaporudi vijijini, tukiulizwa vyama vingi ni nini, tuseme nini?" Watu wanacheka. Mgeni anakohoa, anasema, "Swali hilo ndilo..." na utepe unakwisha. Aliyekuwa akijibu ameshafariki. Nimewauliza wenzangu watatu waliokuwa ukumbini alijibu nini, na nimepata majibu matatu yasiyofanana.

Ndugu wananchi, hasara ya namna hiyo ndiyo iliyonileta mbele yenu. Sikupokonywa na polisi. Niliifuta mimi kwa mkono wangu.

Sasa tuitazame barabara hii yetu. Mtu akipanda matatu hapa Ruiru kuelekea Nairobi, kwa mwendo mfupi tu anafika Kahawa, na hapo kipo Chuo Kikuu cha Kenyatta. Majengo ya kwanza ya chuo hicho hayakujengwa kwa ajili ya elimu. Yalikuwa kambi ya jeshi la Waingereza, iliyoitwa Templer Barracks. Mwaka 1965 kambi ilikabidhiwa Serikali ya Kenya, ikawa Chuo cha Kenyatta. Mwaka 1970 ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1985 ikawa chuo kikuu kamili. Basi palipokuwa pakipigwa gwaride pakawa panasomwa mashairi.

Lakini kilomita chache kutoka hapo lipo Gereza la Kamiti. Hapo ndipo Dedan Kimathi aliponyongwa tarehe 18 Februari 1957. Ukumbi wa mihadhara na lango la gereza ni majirani, na kuna miaka ambayo walimu walitoka katika kimoja wakaingizwa katika kingine. Mwaka 1982 walikamatwa wahadhiri kadhaa wa chuo hicho cha Kahawa. Alikamatwa Al-Amin Mazrui, mwalimu wa Kiswahili, ambaye mwaka mmoja kabla yake alikuwa ametoa tamthilia ya Kilio cha Haki. Walikamatwa Edward Oyugi na Kamoji Wachira. Alikamatwa Maina wa Kinyatti, mwanahistoria aliyekusanya nyimbo za Mau Mau na kuzitoa katika kitabu mwaka 1980. Yeye alishtakiwa kwa kuwa na maandishi yaliyoitwa ya uchochezi, akafungwa miaka sita. Huko Nairobi alikamatwa mwalimu wa sheria, Willy Mutunga, ambaye mwaka 2011 alikuja kuwa Jaji Mkuu wa nchi hii hii.

Hebu tujiulize: watu hao walisema nini darasani? Tunavyo vitabu vyao. Tunayo mashairi ya Al-Amin Mazrui aliyoyatunga kizuizini, yakatolewa mwaka 1988 kwa jina la Chembe cha Moyo. Lakini mihadhara yenyewe, ile iliyowafanya wakubwa wasilale, mwanafunzi wa leo atasikia wapi sauti yake? Jinsi mwalimu alivyonyamaza kabla ya kutaja neno zito, swali lililoulizwa na mwanafunzi wa nyuma, kicheko. Kitabu hakina kicheko. Na sisi tunaojua historia ya siasa za nchi hii tunajua kwamba wakati mwingine kicheko ndicho kilichokuwa hoja yenyewe.

Ni lazima nikiri kwamba kulikuwa na sababu ya kutonasa. Katika miaka ile, mtu aliyeonekana na kinasa sauti katika ukumbi wa chuo hakudhaniwa kuwa mtunza historia. Alidhaniwa kuwa kachero, na mara nyingi dhana hiyo haikuwa mbali na kweli. Kila mwanafunzi wa enzi hiyo anakumbuka "mwanafunzi" asiyefanya mtihani. Mwalimu akimwona mtu anaandika mno, alibadili mada. Na hatari haikuwa ya kufikirika. Titus Adungosi, kiongozi wa wanafunzi wa Nairobi, alifungwa miaka kumi baada ya jaribio la mapinduzi la 1982, akafia gerezani mwaka 1988. Robert Wafula Buke, mwenyekiti wa wanafunzi mwaka 1987, alifungwa miaka mitano kwa shtaka la kuipelelezea Libya, na chama cha wanafunzi kikapigwa marufuku. Mwaka 1990, baada ya Saba Saba, watu walikamatwa kwa sababu ya kaseti za nyimbo tu, zile zilizoimba juu ya Muoroto na juu ya kifo cha Robert Ouko. Katika hali hiyo mtu mwenye busara alinyamazisha mashine. Sauti ya mwalimu ikawa kitu cha kuogopewa na mwenyewe.

Matokeo yake ni ajabu ya kusikitisha. Kama katika miaka ile mihadhara fulani ilinaswa, basi walioinasa kwa bidii ni wale waliotaka kuifungia. Adui wa neno ndiye aliyekuwa na betri.

Na jambo hili lina historia ndefu. Kesi ya Dedan Kimathi ilisikilizwa Nyeri mwaka 1956, na kumbukumbu za kesi hiyo hazikuonekana na wananchi kwa miongo mingi. Zilidhaniwa zimepotea, mpaka zilipopatikana na kuchapishwa katika kitabu mwaka 2017. Ilhali Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, walimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walikwisha kuiandika kesi hiyo kuwa tamthilia, ikachezwa katika Jumba la Michezo ya Kuigiza la Taifa mwaka 1976. Yaani kwa miaka arobaini Mkenya aliyetaka kumsikia Kimathi akisimama mbele ya hakimu alimsikia jukwaani, kwa sababu faili lilikuwa halionekani. Sisemi tamthilia ni ushahidi wa mahakamani. Nasema kwamba mahali ambapo serikali imeficha karatasi, jukwaa la chuo ndilo lililoshika zamu.

Mwaka 2011, katika kesi ya wazee wa Mau Mau jijini London, ilibainika kwamba Waingereza walikuwa wamehamisha mafaili ya kikoloni kutoka kwetu na kuyaweka mahali paitwapo Hanslope Park. Mafaili hayo yalisaidia. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228. Fikirini: wazee walikuwa wakisema maneno yale yale kwa miaka hamsini, wakaambiwa wanatunga. Karatasi zilipotoka sandukuni, wakaaminiwa. Anayeshika kumbukumbu ndiye anayeaminiwa, ndugu zangu, na si haki iwe hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Turudi kwenye jukwaa, maana hapo ndipo hasara inapouma zaidi. Mhadhara una karatasi za mwalimu. Mchezo wa kuigiza una nini ukiisha kuchezwa? Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa Kamirithu, Limuru, katika wilaya ya Kiambu hii yetu, walicheza Ngaahika Ndeenda, iliyotungwa na Ngugi wa Thiong'o pamoja na Ngugi wa Mirii. Walianza Oktoba, katikati ya Novemba leseni ikafutwa, tarehe 31 Desemba Ngugi wa Thiong'o akachukuliwa, akawekwa Kamiti, na humo akaandika riwaya juu ya karatasi za msalani. Wakati mwingine nawaza: mtu aliyenyimwa daftari alipata njia ya kuhifadhi maneno yake, na sisi tulio na simu tatu mfukoni tunasema hatuna vifaa.

Mwaka 1982 watu hao hao wa Kamirithu walitaka kucheza Maitu Njugira katika Jumba la Taifa. Wakakuta milango imefungwa. Basi wakahamia Chuo Kikuu cha Nairobi, wakafanya mazoezi yao mbele ya watu, na maelfu wakaja kutazama mazoezi kana kwamba ni mchezo wenyewe, hata ukumbi ule nao ukafungwa kwao. Mwezi Machi polisi wakaenda Kamirithu wakaubomoa ule uwanja wa maonyesho uliojengwa kwa mikono ya wanakijiji. Sikilizeni vizuri mpango wa kazi hiyo. Walifuta leseni, wakafunga mlango, wakabomoa jukwaa. Maandishi ya kitabu waliyaacha yakauzwa dukani. Ngaahika Ndeenda ilikuwa ikinunuliwa madukani katika miaka ya themanini, lakini kuiona ikichezwa ilikuwa jambo jingine. Watawala walielewa, pengine kuliko wahakiki wetu wa fasihi, kwamba nguvu haikuwa katika karatasi peke yake. Ilikuwa katika mama mkulima aliyesimama na kuimba, na umati uliomwitikia.

Micere Mugo alitutoka tarehe 30 Juni 2023, Ngugi wa Thiong'o tarehe 28 Mei 2025, wote wawili wakiwa Marekani. Katika siku hizo za msiba vijana wetu walipeana kanda za mahojiano na mihadhara yao, na nilizitazama nyingi. Karibu zote nilizoziona zilinaswa ughaibuni: kumbi za Marekani na Ulaya, meza yenye maji ya chupa, bendera ya chuo cha wenyewe nyuma yao. Tuliwafukuza, wakasemea kwa watu, na watu wakawanasa. Leo tunawasikiliza walimu wetu kwa hisani ya wageni.

Naomba msinielewe vibaya. Afrika Mashariki haikulala yote. Makerere mwaka 1965 walianzisha kundi la maonyesho lililokwenda vijijini bila kiingilio, na mwaka 1970 hapo hapo Makerere, Ali Mazrui wetu wa Mombasa alipambana kwa hoja na Walter Rodney aliyekuwa Dar es Salaam, mbele ya umati ambao haujaacha kuusimulia mjadala huo mpaka leo. Tanzania nao wanazo hotuba za Mwalimu Nyerere zilizotunzwa na redio ya taifa, na zingali zinarushwa hewani. Mtoto wa Dodoma aliyezaliwa baada ya Mwalimu kufariki mwaka 1999 anakijua kicheko cha Mwalimu, anajua jinsi alivyokuwa akirudia neno mara mbili ili lizame. Mtu anaweza kumpinga Nyerere kwa sababu anaweza kumsikia. Hilo ni jambo la kidemokrasia kabisa, nami nashangaa kwamba nchi iliyokuwa ya chama kimoja ilitutangulia katika hilo.

Na hapa kwetu? Ali Mazrui huyo huyo, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mwalimu wa dunia nzima isipokuwa nyumbani, alifanywa mkuu wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta pale Juja mwaka 2003. Vijana mtuwie radhi tukiona hilo ni jambo kubwa. Tangu uhuru, mkuu wa kila chuo kikuu cha serikali alikuwa Rais wa nchi. Rais ndiye aliyewavisha wahitimu kofia, na Rais ndiye aliyekifunga chuo kilipomuudhi. Siku cheo hicho kilipomwendea msomi, kilomita chache kutoka hapa tulipokaa, tuliona kwamba kitu fulani kimevunjika. Alikishika mpaka mwaka 2009, akafariki mwaka 2014, akazikwa Mombasa. Kwa miaka hiyo sita alipanda jukwaa la Juja akasema. Nawauliza mliotoka Juja leo: ni nani kati yenu amewahi kusikia hata robo saa ya maneno hayo? Naona mnatazamana.

Nyakati zimebadilika, na hazikubadilika zenyewe. Kifungu cha 2A kiliondoka mwaka 1991 kwa sababu watu walipigwa Kamukunji. Mwaka 1997, kabla ya uchaguzi, yalipatikana marekebisho yaliyofuta kosa la uchochezi katika sheria za jinai, yakaondoa leseni ya mikutano na kuweka taarifa tu, na yakalegeza mkono wa serikali juu ya michezo ya kuigiza. Wengi wetu tulisema marekebisho hayo ni madogo, na yalikuwa madogo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 33, inataja kwa majina uhuru wa ubunifu wa sanaa na uhuru wa kitaaluma. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 ikafafanua njia yake. Vyuo vikuu vya umma ni mali ya umma. Mhadhara wa hadhara uliotolewa humo, ukanaswa kwa mashine iliyonunuliwa kwa kodi, kwa nini ukae katika droo ya ofisi kama barua ya posa?

Lakini sheria ya karatasi si ngao ya chuma. Mwezi Aprili mwaka 2025, huko Nakuru, wasichana wa shule ya Butere walipelekwa kucheza Echoes of War katika tamasha la taifa la drama. Mahakama Kuu ilikuwa imeagiza waruhusiwe. Mwandishi wao alikamatwa. Walipopandishwa jukwaani hapakuwa na watazamaji wala mitambo ya sauti waliyoihitaji. Wakaimba wimbo wa taifa, wakashuka, wakaondoka. Nje, waandishi wa habari na wananchi walirushiwa vitoa machozi. Miaka 12 nyuma, mwaka 2013, shule hiyo hiyo ilikuwa imepigwa marufuku kwa Shackles of Doom, mahakama ikawarudishia haki yao. Kamirithu na Butere ni kisa kimoja, isipokuwa kwa tofauti moja: safari hii simu zilikuwa mikononi. Kabla jua halijatua, nchi nzima ilikuwa imewaona wale watoto wakitembea kuelekea basi lao huku wakilia. Waliofunga ukumbi walisahau kwamba siku hizi ukumbi hauna kuta.

Hapo kijana mmoja ataniambia: Mzee, basi tatizo limekwisha. Kila mtu ananasa. Bishop Square pale Kenyatta mwanasiasa hafungui mdomo kabla simu mia hazijainuliwa. Wiki ya utamaduni kila ngoma inapigwa picha. Chuo kina redio yake. Tunalia nini?

Nalia juu ya mambo mawili, na la kwanza ni kwamba kunasa si kuhifadhi. Simu hupotea, huibiwa kituoni, hujaa na kufutwa ili picha za krismasi zipate nafasi. Mimi niliyefuta mhadhara kwa ajili ya harusi nalijua hilo. Na kinachobaki huwa ni kipande cha dakika moja, kile kilichowachekesha watu, kimekatwa kichwa na miguu. Aliyesema "sikubaliani na wanaodai kwamba..." anabakia akisema lile analolikataa. Mara ngapi tumeona mtu akihukumiwa kwa nusu ya sentensi yake! Enzi ya chama kimoja walitunyima kanda nzima kwa kutunyang'anya. Sasa tunajinyima wenyewe kwa mkasi. Mhadhara wa saa moja unaswe saa moja, pamoja na maswali. Hasa maswali.

Pili, kanda isiyo na jina ni yatima. Nimeonyeshwa na mwalimu mstaafu katoni la kaseti alizookoa zisitupwe. Zipo nzuri ajabu, lakini juu ya nyingi imeandikwa "Jumamosi" tu, au "Prof." Profesa yupi? Jumamosi ya mwaka gani? Kanda inahitaji tarehe yenye mwaka, mahali, majina ya waliosema, lugha iliyotumika na jina la aliyenasa. Yaandikwe siku hiyo hiyo, maana kesho hukumbuki. Na utepe wa kaseti wenyewe hauishi milele: joto huuharibu, unyevu huuotesha ukungu, na hata mashine za kuuchezesha zinakwisha mitaani. Mwenye kaseti za miaka ya sabini na themanini asizifungie sandukuni akidhani amezihifadhi. Azitoe zinakiliwe upya kabla ya kunyamaza, na nakala zikae mahali zaidi ya pamoja, maana palipo na nakala moja, moto mmoja tu unatosha.

Ruiru hapa tunaijua kazi ya namna hiyo. Wazee mnakumbuka kwamba kituo chetu cha utafiti wa kahawa kilitoa mbegu ya Ruiru 11 mwaka 1985, mbegu inayostahimili chulebuni. Haikuzuka usiku mmoja. Waliokuwa wakifanya kazi pale walitunza miche ya kahawa za aina mbalimbali mwaka hadi mwaka, hata ile isiyozaa vizuri, kila mche na kibandiko chake, kwa sababu hawakujua ni upi utakaohitajika. Sasa mashamba mengi ya kahawa yamekuwa ploti na maghorofa, lakini miche ile ilikuwa na vibandiko. Nashangaa kwamba tunajua kuutunza mche wa kahawa kuliko neno la mwalimu.

Zipo pingamizi, nazo si za kipuuzi. Wahadhiri wengine husema mhadhara ni jasho lao, na ukisambazwa bure, mwajiri ataona hahitaji mwalimu tena, atacheza kanda. Nawaunga mkono katika hofu hiyo. Somo la kila siku la darasani ni kazi ya mwalimu, na lisinaswe bila ridhaa yake. Mimi nazungumza juu ya mhadhara wa hadhara, mchezo uliowaalika watu, mjadala wa wagombea. Waigizaji nao wana haki yao katika sheria ya hakimiliki ya mwaka 2001. Mwanafunzi aliyecheza mhusika mkuu asije akaona uso wake ukiuza soda bila kuulizwa. Na mwanafunzi anayeuliza swali kali aulizwe kwanza kama anakubali jina lake litajwe. Sheria ya mwaka 2019 juu ya ulinzi wa habari za watu inadai hivyo, na hata isingedai, sisi tulioishi miaka ya themanini tunajua swali linavyoweza kumfuata mtu mpaka nyumbani. Kanda ya kachero na kanda ya mtunza historia hutoka katika duka moja. Tofauti yake ni kwamba moja imenaswa kwa siri ikawekwa kwa siri, na nyingine imenaswa mbele ya macho ya watu na yeyote anaweza kwenda kuidai.

Wakuu wa vyuo nao husema hawana fedha. Hili silikubali. Fedha za kupiga picha sherehe za mahafali hupatikana kila mwaka, na gari la matangazo hukodishwa.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu umekwisha na naona mama pale nyuma ananionyesha saa. Nina maombi machache. Wanafunzi mliopo mchague watatu, mmoja kutoka Kahawa, mmoja Juja, mmoja Thika, waandike orodha ya mihadhara na michezo ya hadhara ya muhula huu, na waende kwa wakuu wao na barua yenye kutaja kifungu cha 35, wakiuliza kilichonaswa kiko wapi. Wakinyimwa, wanyimwe kwa maandishi. Walimu wastaafu mlio na kaseti, msizitupe; kuna kijana hapa mwenye mashine ya kuzinakili, na anafanya bila malipo, mradi mumletee betri zenu.

Na mimi nimeileta ya kwangu. Iko mezani hapo, imeandikwa "Harusi" kwa wino wa buluu. Wale waliokuwa ukumbini jioni ile ya mwaka 1991, na najua wako wawili au watatu katika mkutano huu, nawaomba wabaki baada ya chai. Tutaisikiliza ile dakika nne pamoja, kisha kila mmoja aseme mbele ya kinasa sauti anakumbuka mgeni alijibu nini, hata kama hatukubaliani. Na kama yule dada aliyeuliza yupo hapa, au kuna anayemjua, aje tumwandike.